Diski Ngumu ya Zamani Inapokataa Kuonekana

Diski ngumu, au hadi diski kama mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanavyoiita, imebeba sehemu kubwa ya kumbukumbu za miaka ya 1990 na 2000: hesabu za maduka na vyama vya ushirika, tasnifu za wanafunzi, picha za arusi zilizopigwa kwa kamera za kwanza za kidijitali, na nyimbo zilizorekodiwa katika studio ndogo za mitaani ambazo nyingi zimeshafungwa. Kifaa hicho kinapotolewa kabatini baada ya miaka mingi, kikaunganishwa na kompyuta, na kompyuta isikione, hukumu inayotolewa haraka ni kwamba kimekufa. Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa, kwa kuwa kutoonekana kwa diski ni dalili inayoweza kuletwa na kasoro nyingi zisizofanana, nyingine zikiwa nje kabisa ya diski yenyewe. Na pupa ya kuifufua ndiyo huharibu data ambazo, kwa utaratibu na subira, zingepona.

Uchunguzi hauna budi kuanza kwa kuuliza ni sehemu gani ya kompyuta isiyoiona diski. Kompyuta inapowashwa, kazi ya kwanza hufanywa na BIOS, yaani programu fupi iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mama, ambayo hukagua vifaa vilivyopo kabla ya kukabidhi madaraka kwa mfumo endeshi kama Windows au Linux. BIOS huiomba diski ijitambulishe, nayo diski hujibu kwa kutaja jina la modeli, namba yake na ukubwa wake. Jibu hilo lina maana kubwa kuliko watumiaji wengi wanavyodhani, kwa sababu katika diski nyingi sehemu ya maelezo hayo husomwa kutoka eneo la siri lililo juu ya sahani zenyewe, eneo ambalo mtumiaji halifikii na ambalo mafundi huliita eneo la huduma. Kwa hiyo, diski inayotaja jina lake kamili na ukubwa wake sahihi imekwisha kuthibitisha kwamba mota inazunguka, kwamba vichwa vya kusomea vinasoma walau kwa kiasi, na kwamba tatizo huenda liko katika mfumo endeshi au katika mpangilio wa faili. Kinyume chake, diski inayojitaja kwa jina la ajabu au kwa ukubwa wa sifuri imeshindwa kulisoma eneo hilo: baadhi ya diski za Maxtor za aina ya DiamondMax Plus 9, zikipatwa na hali hiyo, hujitambulisha kwa jina la ndani la kiwandani, Calypso, badala ya namba ya modeli iliyochapishwa kwenye lebo. Fundi makini huandika kwenye daftari kile kilichoonekana katika BIOS kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Ikiwa BIOS haioni kitu, umeme huchunguzwa kabla ya yote, na hapa sikio na kiganja hutosha kwa hatua ya mwanzo. Diski ya inchi 3.5, ambayo ni ya kompyuta ya mezani, huhitaji volti 12 kwa ajili ya mota na volti 5 kwa ajili ya ubao wake wa elektroniki. Katika plagi ya zamani ya pini nne, waya wa njano hubeba volti 12, mwekundu volti 5, na miwili myeusi ni ya kurudishia mkondo. Diski ya inchi 2.5, ambayo ni ya kompyuta mpakato, hutumia volti 5 peke yake, lakini inapoanza kuzunguka huweza kudai karibu ampea 1, ilhali tundu la USB 2.0 limeruhusiwa kutoa ampea 0.5 tu. Ndiyo maana diski nzima kabisa iliyounganishwa kwa adapta ya USB kupitia waya mrefu na mwembamba hujaribu kuzunguka, ikashindwa, ikajaribu tena, na mwenyewe akaamini kwamba inakufa mbele ya macho yake, kumbe inachokosa ni mkondo wa kutosha. Waya mfupi, tundu la nyuma ya kompyuta ya mezani badala ya lile la mbele, au waya wa matawi mawili unaochota umeme katika matundu mawili, huweza kumaliza tatizo lote kabla halijaitwa tatizo.

Baada ya umeme hufuata njia ya mawasiliano, na kwa diski zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 2000 njia hiyo ni IDE, mfumo uliobuniwa katikati ya miaka ya 1980 na Western Digital kwa kushirikiana na Compaq na Control Data. Kebo yake ni bapa na pana, ina matundu 40 yaliyopangwa katika safu mbili, na ukingo mmoja wenye mstari mwekundu unaoonyesha upande wa pini ya 1. Kwa kawaida pini ya 20 huondolewa na tundu lake kuzibwa ili kebo isichomekwe kinyume, lakini kebo nyingi za zamani hazina kizibo hicho, na zikigeuzwa, taa ya diski huwaka moja kwa moja bila kupepesa, nayo kompyuta haioni chochote. Kebo zilizokuja baadaye kwa ajili ya kasi kubwa zaidi zina nyuzi 80 ingawa matundu ni yaleyale 40, na ncha zake zina rangi zenye maana: ya buluu huenda kwenye ubao mama, nyeusi ya mwisho kwenye diski ya kwanza, na ya kijivu ya katikati kwenye diski ya pili.

Kebo moja ya IDE huweza kuhudumia diski mbili, na kwa kuwa zote mbili husikia kila amri inayopita, ni lazima kila moja ijue ni ipi ya kwanza, ambayo mafundi huiita masta, na ni ipi ya pili, yaani sleivu. Jambo hilo huamuliwa na jampa, kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani, kisichozidi punje ya mchele, ambacho huchomekwa juu ya pini mbili zilizo kati ya tundu la data na tundu la umeme. Diski mbili zikiwa zote masta, hujibu kwa pamoja na hakuna inayoeleweka. Diski nyingi za Western Digital zina hali ya tatu: diski iliyo peke yake kwenye kebo inapaswa kuwekwa kama diski pweke, mara nyingi kwa kuondoa jampa kabisa, kwa sababu ikiachwa kama masta huendelea kumsubiri mwenzake asiyekuwepo na inaweza isitambuliwe. Diski iliyong'olewa katika kompyuta iliyokuwa na diski mbili hubaki na mpangilio wa zamani, na adapta za USB, ambazo kwa kawaida hutarajia masta, huipita kana kwamba haipo. Mchoro wa jampa huwa umechapishwa kwenye lebo ya diski, na kuusoma kwa miwani na tochi ni kazi ya dakika chache inayookoa siku nzima ya kubahatisha.

Ukubwa wa diski ni eneo jingine lenye mitego, na historia yake inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayofafanua kwa nini diski na kompyuta, zote zikiwa nzima, hushindwa kuelewana. Diski za mwanzo zilitaja mahali pa data kwa vipimo vitatu: silinda, yaani njia za duara zenye namba moja katika sahani zote, kichwa, yaani upande wa sahani unaosomwa, na sekta, yaani kipande cha njia hiyo chenye baiti 512. BIOS ilitenga nafasi ya silinda 1,024 na sekta 63, ilhali mfumo wa IDE ulitenga nafasi ya vichwa 16 tu, na kwa kuwa pande hizo mbili zililazimika kukubaliana katika kile kidogo cha kila upande, kikomo kilikuwa baiti 528,482,304, yaani takriban megabaiti 528. BIOS zilipoanza kutafsiri vipimo hivyo, kikomo kilisogea hadi gigabaiti 8.4, kisha baadhi ya BIOS za miaka ya mwisho ya 1990 zikakwama kwenye gigabaiti 33.8, kiasi kwamba diski ya gigabaiti 40 iliweza kuifanya kompyuta igande wakati wa kuwaka. Wakati huo sekta zilikuwa zikihesabiwa kwa namba moja mfululizo, namba hiyo ikiwa na biti 28 na kikomo chake kikiwa gigabaiti 137, hadi toleo la sita la kanuni za ATA (jina rasmi la mfumo wa IDE), lililochapishwa mwaka 2002, lilipoipanua hadi biti 48. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 haikuwa na uwezo huo; uliongezwa katika kifurushi chake cha kwanza cha maboresho mwaka uliofuata.

Vikomo hivyo vinawahusu watu wa leo kwa njia mbili. Watengenezaji wengi waliweka kwenye diski za wakati ule jampa maalumu ya kuifanya diski kubwa ijitangaze kuwa ya gigabaiti 32 ili kompyuta ya zamani isigande, na diski kama hiyo ikihamishiwa kwenye kompyuta mpya huonekana imepungua, na sehemu za faili zilizo mbele ya mpaka huo hazifikiki hadi jampa itolewe. Njia ya pili ni kinyume chake: diski ndogo za miaka ya mwanzo ya 1990, zisizojua kuhesabu sekta kwa mfululizo, hazieleweki na adapta nyingi za USB, kwa kuwa adapta hizo zimeundwa kuzungumza kwa namba za mfululizo peke yake. Kwa diski ya namna hiyo hakuna dawa bora kuliko kutafuta kompyuta ya rika lake, na mafundi wanaohifadhi kompyuta moja ya mezani ya miaka ile, yenye tundu halisi la IDE, wanafanya jambo la busara, hasa kwa kuwa Intel iliacha kuweka IDE katika chipu zake kuu tangu familia ya ICH8 ya mwaka 2006.

Kompyuta hiyo ya zamani nayo ina udhaifu wake, nao ni betri ya kidonge. Betri ya CR2032, yenye upana wa milimita 20 na volti 3, ndiyo inayotunza saa na mipangilio ya BIOS wakati umeme umezimwa. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na katika kompyuta za zamani zaidi maelezo ya aina ya diski yaliyoingizwa kwa mkono hufutika, hivyo diski iliyofanya kazi jana haionekani leo. Fundi anayeona tarehe ya ajabu katika BIOS abadilishe betri kabla ya kuilaumu diski.

Diski za SATA, zilizoingia sokoni mwaka 2003, ziliondoa jampa za masta na sleivu kwa kuipa kila diski kebo yake nyembamba ya pini saba, lakini hazikuondoa matatizo yote. Kebo za mwanzo hazikuwa na klipu ya kushikilia, nazo hulegea kwa mtikisiko mdogo; na baadhi ya mbao mama za kizazi cha kwanza, hasa zenye chipu ya VIA VT8237, hushindwa kuelewana na diski za gigabiti 3 kwa sekunde, hadi diski ishushwe kwa jampa hadi gigabiti 1.5.

Iwapo umeme, kebo, jampa na BIOS vimekaguliwa na diski bado kimya, macho hugeukia ubao mdogo wa kijani ulio chini yake. Kosa linaloletwa mara kwa mara kwa mafundi ni la chaja: diski ya nje ya inchi 3.5 inayohitaji volti 12 huchomekwa chaja ya kompyuta mpakato ya volti 19, kwa kuwa plagi zinafanana. Watengenezaji waliliona hilo mapema, wakaweka kwenye ubao dayodi ya kinga, kijipande cheusi kilicho karibu na tundu la umeme, ambacho volti zikizidi hujitoa mhanga kwa kuunganisha njia ya umeme na ardhi ili mkondo usifike kwenye chipu. Dayodi ikiungua hivyo, mita husoma karibu ohmu sifuri kati ya pini ya volti 12 na ile ya ardhi, na diski haitoi hata mvumo. Fundi mwenye mkono mtulivu huiondoa, nayo diski huweza kuzunguka tena, ila sasa haina kinga, na inafaa kuwashwa kwa ajili ya kunakili tu, kwa pawa saplai iliyopimwa. Umeme unaopanda na kushuka ghafla, ambao wakazi wa miji mingi ya ukanda huu wanaujua vyema, huweza kuleta madhara kama hayo, na diski inayookolewa isiwashwe bila UPS.

Wapo wanaonunua diski nyingine ya modeli hiyohiyo na kuhamisha ubao mzima. Njia hiyo ilifaa kwa diski za zamani sana, lakini katika diski nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 2000 kila ubao una chipu ndogo yenye vipimo vilivyopatikana kiwandani kwa vichwa na sahani za diski hiyo moja, na bila kuihamisha chipu hiyo pia, ubao mgeni haujui namna ya kuvielekeza vichwa. Kabla ya kufika huko lipo jambo rahisi linalosahauliwa: ubao ukifunguliwa kwa bisibisi ya nyota, upande wake wa ndani huonekana vibati vidogo vinavyogusana na pini za vichwa, na katika maeneo yenye unyevu na hewa ya chumvi vibati hivyo huweza kuwa vyeusi kwa kutu. Kuvisugua taratibu kwa ufutio laini wa penseli na kuvifuta kwa pombe safi ya kusafishia elektroniki kumerudisha diski kadhaa zilizokuwa zimeandikiwa kuzikwa.

Historia ya viwanda inathibitisha kwamba diski inaweza kutoweka ilhali data zake zimo salama. Diski za Fujitsu za familia ya MPG, za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilianza kupotea machoni pa BIOS kwa wingi, na chanzo kilipatikana katika plastiki iliyofunika chipu mojawapo ya ubao, ambayo ilikuwa na fosforasi nyekundu iliyogeuka kuwa asidi kwa joto na unyevu. Diski za Seagate za Barracuda 7200.11 zilipatwa na jingine: zenye matoleo fulani ya fimuwea, yaani programu ya ndani inayoendesha diski, zilijifunga wakati wa kuwaka ikiwa kumbukumbu yao ya matukio imefika idadi fulani, na BIOS haikuziona tena, hadi kampuni ilipotoa fimuwea mpya kuanzia Januari 2009. Katika visa vyote viwili sahani hazikuwa na kosa, na mwenye diski aliyeitupa alitupa data zilizokuwa nzima.

Sauti ya diski inapobadilika, hata hivyo, mamlaka ya fundi wa kawaida hukoma. Mlio wa kugonga unaorudiwa kwa mapigo sawa unaonyesha kwamba vichwa haviwezi kusoma alama za kuviongoza, na mlio mwembamba wa diski ya inchi 2.5 isiyozunguka mara nyingi huashiria vichwa vilivyoganda juu ya sahani. Sahani ya inchi 3.5 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hukata hewa kwenye ukingo wake kwa zaidi ya kilomita 120 kwa saa, na kichwa huelea juu yake kwa umbali ambao, katika diski za miaka ya karibuni, ni mdogo maelfu ya mara kuliko unene wa unywele. Chembe ya vumbi inayoingia humo ni janga, na kufungua kifuniko mezani pa kawaida ili kutazama ni kuifunga hatima ya diski. Ushauri wa kuiweka kwenye jokofu, ambao bado unasambazwa kwa nia njema, unastahili kukataliwa waziwazi, kwa sababu diski inayotoka kwenye baridi na kuingia katika hewa ya Mombasa au Dar es Salaam hukusanya matone ya maji juu ya sahani zilezile zinazotakiwa kuokolewa. Kuigonga nako ni vivyo hivyo. Diski yenye milio hiyo izimwe mara moja, kwani kila dakika ya kuzunguka huweza kukwangua kile ambacho maabara yenye chumba kisicho na vumbi ingekisoma.

Hatari ya mwisho huja pale ambapo BIOS imeiona diski lakini mfumo endeshi hauonyeshi faili. Huenda diski imekosa tu herufi ya kuitambulisha, jambo linalorekebishwa bila madhara katika sehemu ya Windows ya kusimamia diski. Huenda ilitumiwa katika kompyuta ya Apple au ya Linux, ambazo hupanga faili kwa mitindo ambayo Windows haiisomi. Huenda jedwali la sehemu zake, yaani sekta ya mwanzo inayoeleza kila sehemu inaanzia wapi, limeharibika. Katika hali hizi mbili za mwisho Windows huweza kutoa pendekezo la kuianzisha diski upya au kuifomati, nalo hutolewa kwa lugha ya upole inayomfanya mtumiaji aone ni hatua ya lazima. Jibu sahihi ni kukataa, na kukataa pia programu za kurekebisha makosa ya diski, kwa kuwa zote huandika juu ya kifaa ambacho kwa wakati huo kinapaswa kusomwa tu.

Kinachotakiwa ni nakala kamili, sekta kwa sekta, kwenda diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Programu huria ya GNU ddrescue, inayotumika chini ya Linux, hunakili kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi, huyaruka yanayogoma, kisha huyarudia mwishoni, huku ikiandika ramani ya ilipofika ili umeme ukikatika kazi isianze upya. Wakati huo inafaa pia kusoma taarifa za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe, zijulikanazo kama SMART: kipengele cha 197 huhesabu sekta zinazotia shaka, na cha 199 makosa ya mawasiliano, ambayo yakipanda humrudisha fundi kwenye kebo aliyodhani ni nzima. Utafutaji wa faili, ukarabati wa jedwali na majaribio mengine yote hufanywa juu ya nakala, na kinachopatikana huhifadhiwa kwenye kifaa cha tatu. Faili zikishafunguliwa moja moja na kuonekana ni nzima, picha zikiwa na sura na hesabu zikiwa na tarakimu, nakala rudufu ya pili hutengenezwa na kuwekwa jengo jingine. Diski yenyewe hubandikwa karatasi yenye tarehe, mpangilio wa jampa na maelezo ya kasoro iliyopatikana, huwekwa mahali pakavu, na hairudishwi kazini tena.